Elimu kwa umma: Bolti za ekzosi zilizoganda na matengenezo ya nyumbani

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa magari kuhusu mfumo wa ekzosi yameongezeka, na mengi yana sura moja. Mwenye gari kaambiwa ekzosi inavuja, kaamua kuitengeneza mwenyewe nyumbani, bolti zikamshinda, akafunga kwa waya, kisha akarudi kwetu na kukataliwa mara ya pili. Hapo tunaonekana tunamwonea. Hatumkatazi mtu kushika spana kwenye gari lake. Tunachoomba ni aelewe kwa nini bolti hizi ni kaidi kuliko bolti nyingine nyingi za gari.

Chanzo ni joto na maji. Moshi wa injini ya petroli inayofanya kazi nzito unaweza kufikia nyuzi 800 za Selsiasi unapoingia kwenye manifoldi, yaani bomba la kwanza linalokusanya moshi kutoka kwenye injini. Gari likizimwa, chuma chote hupoa. Kutanuka na kusinyaa huko hurudiwa kila safari, huku maji na matope ya barabarani yakirukia chini ya gari. Kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo hujaza ule upenyo mdogo kati ya uzi wa bolti na uzi wa nati na kuvishikanisha. Watu wengi hudhani aliyefunga alikaza kupita kiasi. Hapana. Ni kutu, na kutu haijali urefu wa bomba uliloongeza kwenye mpini wa spana.

Kuhusu kunyanyua gari sina la kueleza sana: ardhi ngumu, magurudumu yamezuiwa, gari limekaa juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Anza gari likiwa baridi kabisa, ikiwezekana jioni ya kuamkia siku ya kazi. Sugua uzi uliojitokeza nje ya nati kwa brashi ya waya, maana nati italazimika kupita hapohapo. Nyunyizia mafuta ya kupenya, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo ili mtikisiko ufungue vijia, acha, kisha rudia. Kuyaacha usiku kucha ni kawaida kabisa. Kuna wanaonyunyizia ekzosi ikiwa bado ya moto kwa imani kwamba mafuta yatanyonywa haraka. Mafuta hayo yanawaka. Juu ya chuma cha moto hutoa mvuke unaosubiri cheche, na joto likizidi hata cheche haihitajiki. Tumelisema hili mara nyingi, na bado tunaletewa magari yenye mpira wa chini ulioungua.

Soketi iwe ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika ncha tu za kichwa, na kichwa kilicholiwa na kutu kitageuka duara mkononi mwako. Nati iliyokuwa ya milimita 14 inaweza kuwa imepungua kwa kuliwa na kutu. Pigilia soketi ya 13 kwa nyundo. Kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo mpaka usikie mlio mkavu wa kutu kuachia, ndipo urudishe. Nenda robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, ongeza mafuta. Sikiliza mkono wako: bolti inayoachia huachia ghafla, kisha hubaki na ugumu wa wastani. Bolti inayokaribia kukatika huanza kunyumbuka, spana inasogea lakini nati imekaa palepale. Ukihisi hivyo, acha.

Hatua inayofuata ni moto, na hapa ninaomba umakini. Kinachopashwa ni nati, kwa sababu tunataka itanuke na kuachana na bolti iliyo ndani yake. Ukipasha bolti unaikaza zaidi. Futa mafuta yote ya kupenya kwanza. Angalia palipo na tangi, mabomba ya mafuta, mabomba ya breki na mipira inayoning'iniza ekzosi. Vikiwa karibu, hakuna moto. Usisafishe sehemu hiyo kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwa kuwa ikipashwa moto inaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu kali. Nati ikishapata moto, mafundi wengine huigusisha nta ya mshumaa. Nta huyeyuka na kuvutwa ndani ya uzi. Ni mbinu ya zamani, na inafanya kazi.

Kwenye flenji, yaani bapa la kuungania mabomba mawili, bolti iliyopita upande hadi upande na kufungwa kwa nati haina sababu ya kukuumiza kichwa. Ikate. Msumeno wa chuma unatosha. Grainda ni haraka zaidi, ila cheche zake zisielekee kwenye tangi, na miwani ya kukinga macho si hiari. Mambo hubadilika kwenye stadi, yaani bolti zisizo na kichwa, zinazoingia ndani ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), ambayo kwenye magari mengi ni ya alumini. Stadi ikikatikia humo, drili ikipinda kidogo tu unaharibu hedi yenyewe. Stadi hiyo ikigoma baada ya mafuta na muda, mpelekee fundi ingali nzima. Kumpelekea iliyokwisha kukatika ni kazi tofauti kabisa.

Sasa kuhusu ukaguzi, maana maneno ya vijiweni ni mengi. Kila nchi ina kanuni zake. Nachukua mfano wa Umoja wa Ulaya kwa kuwa Agizo lake la 2014/45 kuhusu ukaguzi wa magari limeandikwa kwa uwazi. Kasoro zina madaraja matatu: ndogo, kubwa na za hatari. Ekzosi inayovuja au isiyoshikiliwa sawasawa ni kasoro kubwa. Gari halipiti, na muda wa kulitengeneza na kulirudisha hauruhusiwi kuzidi miezi miwili tangu ukaguzi wa kwanza. Ikiwa daraja la hatari limefikiwa, yaani ekzosi i karibu kudondoka, au moshi unaingia ndani na kuhatarisha afya ya waliomo, gari linaweza kuzuiwa lisitumike barabarani kabisa hadi litengenezwe. Hiyo ndiyo sababu waya hauturidhishi. Na wale wanaokata kataliti, kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi hukiita masega, na kuweka bomba tupu kwa sababu bolti zake ziliwashinda: Marekani, Sheria ya Hewa Safi inakataza kuondoa kifaa hicho, na tangu marekebisho ya 1990 katazo linamhusu hata mwenye gari binafsi. "Bolti ilikwama" haijawahi kuwa utetezi.

Wakati wa kurudishia, weka gasketi mpya, na bolti na nati mpya za kuhimili joto, si zozote zilizobaki kwenye kopo. Paka uzi grisi ya kuzuia kugandana, lakini kumbuka kwamba uzi uliopakwa huteleza, hivyo kipimo cha kukaza kilichotolewa kwa uzi mkavu kitaukaza kupita kiasi. Grisi hiyo isiguse ncha ya sensa ya oksijeni, na silikoni ya kawaida isitumike kuziba maungio, kwani mvuke wake huiharibu sensa. Bolti zenye springi hukazwa hadi urefu uliowekwa na mtengenezaji, springi isilale kabisa.

Washa injini nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Sikiliza mfyonyo kwenye maungio wakati injini bado baridi. Endesha mpaka ekzosi ipate moto, iache ipoe kabisa, kagua tena jinsi nati zilivyokaza, kisha ndipo ulilete gari likaguliwe.