Kufifisha sauti ya kibodi: maana yake, na cha kuweka ndani ukiwa Lamu

Kufifisha sauti ni kuigeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto kabla haijafika hewani na kuwa kelele. Joto lenyewe ni dogo mno, hata mkono haulisikii. Kitu kikigongwa hutetemeka. Ukikiegemeza kitu laini kinachobonyea na kurudi polepole, mtetemo hufa mapema. Hicho ndicho wanachotafuta wanaofungua kibodi za mekanika na kuzijaza sponji, silikoni au mpira.

Kibodi ya mekanika ni ile ambayo kila kitufe kina swichi yake yenye springi. Kwenye swichi nyingi, za Cherry MX zikiwemo, kitufe hushuka milimita 4 hivi kisha mhimili wake hugonga sakafu ya swichi. Ukikiachia, springi hukirudisha juu nacho hugonga dari. Kwa hiyo herufi moja ina vishindo viwili. Vishindo hivyo huingia kwenye bamba linaloshika swichi, vikashuka hadi bodi ya saketi, na chini ya bodi kuna kasha lenye uwazi. Hapo ndipo sauti hupata mvumo, kama ngoma: kinachopigwa ni ngozi, lakini mzinga ndio unaoipeleka mtaa wa pili.

Wengi hudhani sponji ndani ya kasha hufyonza sauti kama zile zinazobandikwa ukutani studio. Hesabu zinakataa. Sponji hufyonza vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya urefu wa wimbi la sauti. Sauti ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 34 hivi, na robo yake ni sentimita 8 na nusu. Kasha la kibodi lina nafasi ya milimita chache tu. Kazi halisi ya sponji humo ni kuujaza uwazi usivume, na kuigusa bodi kwa chini ili iache kutetemeka. Neno kubwa hapo ni kuigusa. Sponji iliyolala chini ya kasha bila kufika kwenye bodi imefanya kazi kidogo sana.

Kabla hujanunua chochote, kunja kikoi mara nne, kiweke chini ya kibodi, kisha uandike. Kelele ikishuka sana, basi mkosaji ni meza, na mkeka mzito wa mpira juu ya meza utakusaidia kuliko chochote utakachoweka ndani. Wanaoishi nyumba za mawe za Mji wa Kale wana shida ya ziada. Kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa ni ngumu na uso wake ni sawa, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Sauti humo hurudi tu kutoka ukuta hadi ukuta. Zulia na pazia zito hupunguza mrudio huo. Sponji ya kibodi haiufikii.

Jaribu pia kugonga kitufe cha nafasi peke yake. Ukisikia waya ukichezacheza, hiyo ni stabilaiza, kile kichuma kinachokisaidia kitufe kirefu kushuka sawasawa. Dawa yake ni grisi ya kibodi, kidogo sana, kwenye ncha za waya. Nimeona watu wakijaza kibodi sponji kila upande na waya bado unalia.

Sasa nyenzo. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi kavu na baridi, na hapa mwambao unyevunyevu ndio unaoamua. Sponji ya godoro ni rahisi kupatikana, lakini vitundu vyake viko wazi, hunywa maji ya hewani, na joto na unyevu huivunja kikemia: hugeuka rangi, hunata, mwisho huwa unga unaoingia ndani ya swichi. Pamba na vitambaa navyo huhifadhi unyevu. Chumvi ya bahari huuongeza ubaya, maana huanza kuvuta maji na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa pwani hufika hapo bila shida. Sponji yenye chumvi na maji ikikaa imeikumbatia bodi ya saketi, shaba yake itaota kutu ya kijani.

Kwa hiyo chagua sponji yenye vitundu vilivyofungika. Ya bei nafuu ni EVA, na huna haja ya kuitafuta mbali: ndara nyingi zimetengenezwa kwa hiyo hiyo. Ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni ndizo zilizolifunika jahazi la Flipflopi, lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa na kushushwa majini mwaka 2018. Soli ya ndara ni nene mno kwa kibodi na kuipasua iwe bapa ni kazi ya mkono mtulivu, kwa hiyo mimi ningenunua zile karatasi za EVA za rangi ambazo watoto hukatia maumbo. Ukizihitaji nene, unabandika mbili.

Poron, aina nyingine ya sponji, ni bora zaidi kwa kuwa hubanwa miaka na bado hurudi kwenye unene wake, ila bei imechangamka. Silikoni haijali maji wala chumvi, na uzito wake huishusha sauti ikawa nzito; kwa kibodi isiyotoka mezani, naipenda kuliko zote. Ile karatasi ya nusu milimita inayowekwa kati ya swichi na bodi ni habari nyingine: huibadilisha sauti ikapendeza masikioni, lakini aliyelala chumba cha pili hatahisi nafuu yoyote.

Epuka sponji nyeusi inayochomekwa vipuri vya elektroniki dukani, kwani hupitisha umeme. Selotepu ya alumini vilevile.

Unene upime kwa udongo wa kuchezea. Weka vidonge vyake juu ya karatasi ya plastiki ndani ya kasha, funga, fungua, pima vilivyobonyea. Ongeza nusu milimita ili sponji iguse, usizidishe, maana bodi ikipinda vitufe vingine havitashika. Kama kibodi haina waya, mahali pa betri pakate paachwe wazi kabisa. Betri ya lithiamu haifai kubanwa.

Na kama swichi zako ni zile zinazotoa mlio kwa makusudi, mfano Cherry MX Blue, mlio unazaliwa ndani ya swichi yenyewe na sponji haitauzima. Zikiwa za kuchomoa, weka za kimya zenye vipande vya mpira kwenye mhimili. Zikiwa zimelehemiwa kwenye bodi, itabidi umpe fundi azitoe moja moja, au umuuzie kibodi mtu anayelala peke yake.