Mafua ya Ndege: Nani Huzidiwa, na kwa Nini?

Je, ni kweli mafua ya ndege huua nusu ya wanaoyapata?

Kwa kirusi cha H5N1, aina mojawapo ya virusi vya mafua ya ndege, takwimu za Shirika la Afya Duniani zinasema hivyo: tangu 2003 wamethibitishwa wagonjwa zaidi ya 900, na karibu nusu yao walifariki. Lakini kumbuka kwamba anayepimwa mara nyingi ni yule aliyefika hospitali akiwa hoi. Aliyeugua kidogo akapona nyumbani haingii kwenye hesabu. Huko Marekani, kuanzia 2024, wafanyakazi wengi walioambukizwa kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa na kuku walipata macho mekundu na homa kidogo tu.

Basi ni nani huzidiwa?

Wazee, watoto wadogo, wajawazito, wenye kisukari, ugonjwa wa moyo, figo, pumu au magonjwa mengine sugu ya mapafu, wenye unene uliopitiliza, na watu ambao kinga yao imedhoofika kwa ugonjwa au kwa dawa. Kirusi cha H7N9, aina nyingine ya mafua ya ndege, kilipozuka China mwaka 2013, wengi waliolazwa walikuwa wanaume wa makamo na wazee, na wengi wao walikuwa na maradhi ya kudumu. Mtu wa kwanza kufa kwa H5N1 nchini Marekani, jimbo la Louisiana, Januari 2025, alikuwa na zaidi ya miaka 65 na magonjwa mengine mwilini.

Mimi ni kijana na sina ugonjwa wowote. Nina haja ya kuhofu?

Ndiyo, na hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Miongoni mwa waliokufa kwa H5N1 wamo watoto na vijana waliokuwa wazima kabisa. Virusi vya mafua ya kawaida hushika zaidi pua na koo. H5N1 hunasa kwa urahisi kwenye seli zilizo ndani kabisa ya mapafu, kule hewa inakoingia kwenye damu. Kikishazaliana huko, kinga ya mwili hupambana nacho kwa nguvu kupita kiasi na kuunguza hata tishu zake yenyewe. Vifuko vya hewa hujaa maji, na mgonjwa hukosa oksijeni hata akiwekewa mashine ya kupumulia. Ujana haumlindi mtu na hilo.

Umri na maradhi hatuwezi kuyabadilisha. Kuna tunachoweza kubadilisha?

Kuchelewa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kihatarishi kinachostahili kupigiwa kelele kuliko vyote. Dawa ya oseltamiviri huzuia virusi visisambae kutoka seli moja hadi nyingine, na hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza. Hata baada ya hapo mgonjwa mahututi hupewa, lakini kila siku inayopita humpunguzia nafasi ya kupona.

Wagonjwa huchelewa kwa sababu ugonjwa huanza kama mafua yoyote: homa, kikohozi, koo kuwasha, mwili kuuma. Mtu hununua viuavijasumu, ambavyo haviui virusi, akangoja. Akifika hospitali anaeleza homa yake vizuri, ila hasemi kwamba juzi alizika kuku waliokufa ghafla au alichinja ndege mgonjwa. Tafadhali, lisemeni hilo kabla ya jingine lolote, hata msipoulizwa! Daktari akilijua, anaweza kuanzisha dawa papo hapo bila kusubiri majibu ya maabara.

Dalili zipi zinaonyesha mtu anazidiwa?

Kuhema kwa shida, kifua kubana, midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa, degedege, au homa iliyopungua kisha ikarudi na kikohozi kikali. Hapo mkimbizeni hospitali.

Steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe mwilini, hazisaidii kutuliza mapafu?

Hapana, kama hakuna sababu nyingine ya kuzitumia. Shirika la Afya Duniani linashauri wagonjwa wa mafua makali wasipewe, kwa kuwa hudhoofisha kinga wakati mwili bado unapambana na virusi.

Chanjo ya mafua ya msimu inakinga?

Haizuii mafua ya ndege. Hata hivyo, wanaofanya kazi na kuku au ng'ombe wanashauriwa kuipata, kwa sababu inapunguza uwezekano wa mtu mmoja kubeba virusi vya aina zote mbili kwa wakati mmoja, hali inayoweza kuvipa nafasi ya kubadilishana vinasaba.