Betri haijabeba picha zako

Wiki hii peke yake nimeisikia mara nne: "Fundi, usitoe betri, picha zangu zitafutika." Mara ya nne ilitoka kwa mama mmoja wa Ngarenaro, hapa Arusha. Aliniwekea mezani simu iliyofunuka mgongo kwa betri iliyovimba, na bado alikuwa akiichaji hivyohivyo tangu Pasaka, usiku, kando ya mto wa kulalia. Hofu yake ilikuwa picha za ubatizo wa mjukuu. Nilimpa shikamoo yake, kisha nikamwambia: mama, umelala na moto kitandani.

Haya, tuimalize. Picha, namba na meseji zako hazikai kwenye betri wala haziitegemei. Zinakaa kwenye chipu ya flashi iliyochomelewa kwenye ubao wa simu, ndugu wa ile iliyo ndani ya memori kadi na ndani ya flashi ya kuchomeka kwenye kompyuta. Kila seli yake ina kijumba kilichozungushiwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, pande zote. Simu inapoandika, inatumia volti kubwa kuzisukuma elektroni ziingie humo. Umeme ukikatika, elektroni zinabaki zilipo kwa sababu hazina pa kutokea. Fujio Masuoka wa Toshiba aliitambulisha flashi mwaka 1984, na aina ya NAND, ambayo ndiyo inabeba picha zako, ikafuata 1987. Kwa wabishi nina swali moja tu: memori kadi ina betri? Unaichomoa, unaitia mfukoni, unapanda nayo Hiace hadi Usa River, unaichomeka kwenye simu ya shangazi, na picha zipo.

Siwacheki wote, maana dhana hii ina wazazi wawili. Wa kwanza ni kitochi. Ukitoa betri na kuirudisha, kinakuuliza saa na tarehe, na watu wakahitimisha kwamba kimesahau kila kitu. Saa ndiyo inayokula umeme muda wote. Faili hazili kitu.

Mzazi wa pili ni kompyuta za kiganjani, zile Palm na Pocket PC ambazo watu wa mashirika na wa kampuni za utalii hapa mjini walitembea nazo mkandani. Hao walikuwa na haki ya kuogopa. Pilot, Palm ya kwanza, ya mwaka 1996, iliweka kalenda na namba zako kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayohitaji umeme, na RAM ni ndoo iliyotoboka: usipoijazia bila kupumzika, inakauka. Ilitumia betri mbili ndogo za AAA, na ukizitoa ulikuwa na kama dakika moja tu ya kuweka nyingine. Pocket PC nazo ziliweka vitu vya mtumiaji kwenye RAM hadi ulipokuja mfumo wa Windows Mobile 5.0 mwaka 2005. Nikiwa bado najifunza ufundi, bwana mmoja aliniletea ya kwake iliyolala kabatini likizo nzima. Iliwaka kama imetoka dukani siku hiyo. Kilichomwokoa ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya ofisini.

Palm walipohamia kwenye flashi na simu yao ya Treo 650, mwishoni mwa 2004, likaja lalamiko jipya: orodha ileile ya namba imenenepa! Kila kijisehemu, hata cha maneno matatu, kilitengewa baiti 512. Lakini betri ikiisha, namba zilibaki. Hiyo ni miaka ishirini iliyopita, jamani.

Kinachoua data ni kukata umeme simu ikiwa katikati ya kuandika. Flashi haiwezi kufuta herufi moja na kuandika nyingine palepale. Inafuta bloku nzima, yaani kundi kubwa la seli, kwa mpigo. Ukiikatiza hapo, jedwali la faili, ile orodha ya nini kiko wapi, linaweza kubaki nusunusu. Kwa hiyo zima simu, subiri skrini iwe nyeusi kabisa, ndipo utoe betri au kadi. Betri iliyovimba usiichaji, usiikandamize, usiitoboe. Kama kifuniko cha simu kimegundishwa, leta kwa fundi.

Mengine nayapitia haraka. Eti picha ziko kwenye laini: hapana, laini inabeba namba chache na meseji chache, basi. Eti kadi ikidai kufomatiwa, ukikubali "inajisafisha": chalii, usibonyeze, na usipige picha nyingine hata moja. Kwenye kadi, faili iliyofutwa kwa kawaida inawekewa alama tu kwamba nafasi yake iko wazi, na yenyewe ipo hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kumbukumbu ya ndani ya simu za sasa ni habari nyingine. Ina usimbaji, yaani data imefungwa kwa ufunguo wa siri, na tangu Android 4.3 mfumo wenyewe unaiambia chipu ni nafasi zipi zifagiliwe. Nikikwambia hazirudi, sitafuti hela zaidi.

Kuhusu kadi ya GB 512 uliyouziwa stendi kwa bei ya chipsi mayai, ndani kuna GB 8 au 16 na kidhibiti kilichofundishwa kusema uongo. Zikijaa zile za kweli, picha mpya zinapotea au zinaandikwa juu ya za zamani. Waongoza watalii, nawasihi: kabla ya kwenda nayo Ngorongoro, ijaze yote kwa faili kubwa kisha uzifungue moja moja. Kadi halali ya GB 32 inayoonyesha 29.8 haina kasoro. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kifaa kinahesabu kwa 1,024.

Mama wa Ngarenaro aliondoka na betri mpya. Ubatizo ulikuwepo wote, hadi keki. Saa ya simu tu ndiyo ilikuwa imerudi mwaka 1970.