Ubongo wa Jana

Mimi ni mpasuaji wa ubongo; pamoja na MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, hutumia ultrasaundi, picha ya mawimbi ya sauti, katikati ya upasuaji. Nimeulizwa tena sababu, safari hii na daktari mwenzangu: "Mna MRI, ultrasaundi ya nini tena? Si ya wajawazito hiyo?" Nilimjibu kwa upole kuliko nilivyojisikia. Dhana kwamba ultrasaundi ni MRI ya hohehahe imenichosha, na naieleza hapa kwa mara ya mwisho, au walau ya mwisho mwaka huu.

Nianze na lililo kweli. Fuvu la mtu mzima humeza na kutawanya mawimbi ya sauti. Karl Dussik wa Austria alijaribu kulipenya katika miaka ya 1940, na picha alizodhani ni za ventrikali, vyumba vya maji ndani ya ubongo, zikaja kugundulika kuwa kwa sehemu kubwa zilitokana na fuvu lenyewe. Mtoto mchanga tunampima kupitia utosi. Mtu mzima, mpaka tufungue dirisha la mfupa. Hilo limekwisha.

Linalosahauliwa ni kwamba MRI ninayoingia nayo chumba cha upasuaji ilipigwa jana au juzi, fuvu likiwa zima. Nikishakata dura, utando mgumu unaofunika ubongo, maji ya ubongo huvuja, mannitoli, dawa ya kuvuta maji, huwa imekwisha kuusinyaza ubongo, uzito wake wenyewe huuvuta chini, na kila kipande cha uvimbe ninachokitoa huacha pengo ambalo tishu za jirani huliegemea. Ubongo unaweza kuhama sentimita nzima, hata zaidi. Navigesheni, kompyuta inayonionyesha niko wapi ubongoni, ikiwa imefungamanishwa na picha ya jana, haina habari. Huendelea kunionyesha mpaka wa uvimbe mahali usipokuwepo tena, kama jirani anayekuelekeza nyumba kwa mwembe uliokwisha kukatwa.

Ndiyo maana kabla ya kukata dura huweka proba, kichwa cha mashine ya ultrasaundi, juu yake, ikiwa ndani ya mfuko tasa wenye jeli, na kutafuta kwanza falksi (utando unaotenganisha pande mbili za ubongo) na pleksasi ya koroidi (tishu inayotengeneza maji ya ubongo), ambazo hung'aa kwenye picha, ili nijue niko wapi; ndipo huutazama uvimbe na, kwa Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu, mishipa inayoupitia.

Taabu huanza mwishoni. Hujaza shimo maji ya chumvi, bila mapovu, kwa kuwa hewa huziba mawimbi. Lakini maji hayapunguzi sauti kama tishu, na mashine, iliyopangwa kufidia upungufu ambao haukutokea, huung'arisha mno ukingo wa chini wa shimo. Damu nayo hung'aa. Vitambaa vya kuzuia damu hung'aa. Mabaki ya glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, bila shaka, hung'aa. Hubadili pembe ya proba na kulinganisha na picha niliyopiga kabla ya kukata. Donge lenye umbo, linaloonekana kutoka pande mbili, huliamini kuliko mstari mwembamba. Hata hivyo nimewahi kuacha mng'ao uliokuwa karibu na eneo la usemi nikiuita mwangwi wa uongo, MRI ya baadaye ikanisuta. Na nimewahi kutoa kipande kwa yakini kabisa, maabara ikajibu kwamba ni ubongo mzima usio na ugonjwa. Anayedai kutofautisha kila mara, ama ana macho kuliko yangu, ama hasomi majibu ya maabara.

Mwenzangu nimemwalika aje asimame nyuma yangu Alhamisi. MRI ya mgonjwa itapigwa Jumatano.