Kuchagua mashine ya TIG ya kazi za gari nyumbani: anza na namba ya chini

Mwezi uliopita kijana mmoja, kazi yake uhasibu, alifika karakana kwangu Dar es Salaam akiwa na mashine mpya ya TIG (ya kuchomelea kwa moto wa umeme unaotoka kwenye sindano ya tungsteni, huku gesi ikikinga chuma) kwenye boksi na kipande cha bomba la ekzosi ya Altezza kilichotobokatoboka kama chujio. "Shikamoo fundi. Nimenunua ya ampea 250, mbona inatoboa?"

Nilimgeuzia mashine tukasoma kibao cha nyuma. Namba ya juu ilikuwa kweli 250, ya chini 30. Pedali ya mguu haikuwepo, wala mahali pa kuichomeka hapakuwepo. Bomba lake lina unene wa milimita 1.2.

Hapo ndipo wengi wanaoanza kutengeneza gari kwa mapenzi yao wanapoteza hela. Dukani muuzaji atakutajia ampea za juu, na wewe utaondoka umefurahi. Lakini vitu utakavyochomelea ni vyembamba: ekzosi, bomba za intakula (kipoza hewa ya turbo), vishikio vya betri, matangi madogo. Kwa chuma cha kawaida mimi hukadiria ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene. Kwa hiyo ekzosi ya 1.2 inataka kama 48, basi. Tena hiyo ni ya kuanzia tu. Bomba ni duara, joto halina pa kukimbilia. Ukifika nusu ya mzunguko chuma kimeshapata moto na unatakiwa kushuka hadi 35, na mwisho wa mshono ushuke taratibu hadi 10 ndipo uzime. Ukizima ghafla, kinabaki kishimo katikati ya kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, na ufa huanzia hapo.

Ndiyo maana nasema kasome namba ya chini. Mashine inayoshuka hadi ampea 5 au 10 na kutulia hapo, moto wake usiyumbeyumbe, ina thamani kwako kuliko inayopanda 250. Pedali nayo usiiache. Kijana yule nilimkalisha kwenye mashine yangu, nikamwambia asiangalie moto, aangalie kidimbwi. Kikitanuka kuliko upana wa waya wa kujazia mara mbili hivi, alegeze mguu. Mshono wake wa tatu ulikuwa tayari una magamba yanayofuatana.

Kingine ni namna ya kuwasha. Mashine za bei ya chini zinataka uguse chuma kwa ncha ya tungsteni kisha uinue. Inawezekana, ila kila ukigusa vibaya ncha inachafuka, na unarudi kwenye grenda. Ile inayorusha cheche yenyewe bila kugusa ndiyo ninayoipendekeza. Ila ukichomelea kitu kikiwa bado kwenye gari, chomoa betri kwanza, na kibano cha ethi ukibane karibu kabisa na mshono, umeme usije ukapitia kwenye beringi au kompyuta ya gari.

Sasa swali kubwa: DC peke yake (umeme wa mwelekeo mmoja), au AC/DC (yenye na umeme unaogeuka mwelekeo)? Jiulize kama utagusa alumini. Alumini yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi juu yake unataka zaidi ya 2,000. Ukiweka DC ya kawaida, chini kunayeyuka huku ngozi ya juu imegoma, na ghafla yote inaanguka. AC hubadilisha mwelekeo wa umeme mara nyingi kwa sekunde. Nusu moja inavunja ule utando, nusu nyingine inayeyusha. Kama ndoto yako ni intakula na manifoldi ya alumini, jikaze ununue AC/DC tangu mwanzo, hata kama bei inapanda sana. Kama ni ekzosi na breketi tu, DC nzuri yenye pedali inakutosha miaka mingi.

Umeme wa nyumbani nao una mpaka wake. Plagi ya kawaida ya ampea 13 itakupa kama ampea 100 hivi za kuchomelea, si zaidi sana. Ukitaka 200 kwa alumini nene, mwite fundi umeme akuvutie laini yake, kama ile ya jiko kubwa.

Halafu kuna gesi, ambayo watu huikumbuka baada ya kumaliza hela. TIG inataka agoni tupu; ile ya CO2 ya mashine za MIG (za waya unaojisukuma wenyewe) itaunguza tungsteni papo hapo. Fanya hesabu hii: mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi baa 150 una lita 1,500 za gesi. Ukiifungua kwa lita 8 kwa dakika, unapata kama saa tatu za moto. Kwa hiyo zima feni, funga mlango wa upande wa upepo, maana upepo wa pwani unakupokonya gesi kabla haijakinga chuma. Na ukichomelea chuma cha pua, tenga agoni nyingine ya kupitisha ndani ya bomba, la sivyo upande wa ndani utaota chengachenga nyeusi kama sukari iliyoungua.

Kuhusu tungsteni nitasema kifupi: nunua zenye rangi ya buluu mwishoni, za unene wa milimita 1.6 kwa vyembamba na 2.4 kwa alumini. Nyekundu zina thoriamu, ambayo ni ya mnururisho, na vumbi lake kwenye grenda sitaki ulivute.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Usisafishe chuma kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia breki kabla ya kuchomelea. Nyingine zina klorini, na mwanga na joto la TIG huzigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu inayoua. Tumia asetoni, kitambaa safi, acha ikauke kabisa, kopo uliweke mbali.

Kijana alirudisha mashine dukani, akaongeza hela, akachukua ya DC ya ampea 200 inayoanzia 5, na pedali. Jumamosi iliyopita alinitumia picha ya flenji ya ekzosi. Mshono una sehemu mbili alizosita, unaziona wazi, lakini tundu hakuna hata moja.