“Vipaumbele vya msimu wa bunge”: mbunge wa jimbo la Marekani anapokuandikia, anamaanisha nini?

Kila mwanzo wa mwaka, simu za Waswahili wanaoishi Brooklyn Park, Rochester au St. Cloud huingiwa na barua pepe kutoka kwa mbunge wa jimbo la Minnesota. Ina salamu, picha akiwa ukumbini, maneno machache kuhusu barabara na shule za eneo lake, halafu orodha chini ya kichwa “vipaumbele vya msimu huu wa bunge”. Wengi huifuta bila kuisoma. Mimi niliifuta miaka mitatu mfululizo nikidhani ni kampeni, na leo naona nilikuwa natupa barua iliyonihusu kuliko bili nyingi ninazozifungua.

Tuanze na neno jimbo, maana hapo ndipo watu hupotea. Mtanzania akisikia “mbunge wa jimbo” anamwona mbunge wa Kawe au Kigoma Mjini, mtu wa kwenda Dodoma. Mkenya yeye ana eneo bunge, na neno majimbo linamrudisha kwenye siasa za 1963. Kwa Marekani, jimbo ni Minnesota nzima, yenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake linalokaa Saint Paul. Bunge hilo si tawi la lile la Washington. Sehemu anayoiwakilisha mbunge mmoja tuiite wilaya ya uchaguzi, ili tusigongane. Usipotenganisha hayo, utamwandikia mbunge wa Saint Paul kuhusu kadi ya ukaazi, jambo ambalo sheria yake inatungwa Washington, kisha utamlalamikia wa Washington kuhusu leseni ya udereva, ambayo ni ya jimbo.

Wakenya wengi humfananisha mbunge wa jimbo na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Kwa ukaribu, ndiyo. Kwa mamlaka, hapana: bunge la jimbo linatunga sheria za jinai, za ndoa, za mikataba ya nyumba, za shule, na linatoza kodi ya mapato.

Bunge la Minnesota lina mabaraza mawili, la maseneta na la wabunge, na jimbo limegawanywa wilaya 67. Kila moja inachagua seneta mmoja, kisha inagawanywa nusu mbili, A na B, na kila nusu inachagua mbunge wake. Ndiyo maana utasikia 38A au 38B. Hesabu inatoa maseneta 67 na wabunge 134. Kwa sensa ya 2020, mbunge mmoja anawakilisha watu 42,600 hivi. Nchini Kenya, ukigawa watu wa sensa ya 2019 kwa maeneo bunge 290, kila mbunge anabeba watu 164,000. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niwahimize watu wajibu barua hizi. Kwa mtu anayewakilisha watu 42,600, barua kumi na tano za aina moja kutoka wilayani kwake si kitu cha kupuuza.

Na hao 42,600 si wapiga kura peke yao. Wilaya huchorwa kwa kuhesabu wakazi wote: watoto, wakimbizi waliofika juzi, wenye kadi ya ukaazi, hata wasio na karatasi. Mama wa Kikongo aliyepata makazi Rochester na bado hajapata uraia amehesabiwa katika wilaya hiyo kama jirani yake aliyezaliwa pale. Hawezi kumpigia kura mbunge, lakini mbunge ni wake. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu nimesikia watu wazima, wenye hoja nzuri, wakisema “mimi sina sauti hapa” na kunyamaza.

Sasa neno lenyewe, msimu wa bunge. Dodoma kuna Mkutano wa Bunge, na ndani yake kuna vikao vya siku kwa siku. Mkutano mrefu kuliko yote ni ule wa bajeti. Saint Paul, kwa kawaida shughuli yote ya mwaka hubanwa kwenye msimu mmoja. Katiba inataka bunge lifunge kabla ya kwisha Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei, na kwa miaka miwili lisizidi siku 120 za kukaa. Mwaka usiogawanyika kwa mbili, msimu huanza Januari na kazi kubwa ni bajeti ya miaka miwili, kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, kama kwetu. Mwaka unaofuata ni msimu mfupi, na hapo huzungumzwa sana mikopo ya ujenzi wa barabara, madaraja na vyuo, ambayo haipiti bila kura tatu kwa kila tano.

Ndani ya muda huo huletwa miswada kwa maelfu. Haiwezekani yote isikilizwe. Kipaumbele, basi, ni muswada ambao mbunge ameamua kuutolea jasho: kuutafutia mwenzake wa chama kingine wa kuuwekea jina, kuuombea siku kwenye kamati, kutafuta mashahidi wa kuja kuusemea. Mengine yote kwenye barua yake ni anayoyaunga mkono tu. Hayo mawili hayalingani.

Utayatofautishaje? Tazama namba. Kila muswada wa wabunge una herufi HF na namba, ule wa maseneta una SF. Chama kinachoongoza huweka namba ndogo kwa yale kinayoyataka kwanza. Mwaka 2023, HF 4 ilikuwa leseni ya udereva kwa watu wote bila kuulizwa hali ya uhamiaji, na HF 5 ilikuwa chakula cha bure shuleni kwa kila mtoto. Gavana Tim Walz alizitia saini zote mbili mwezi Machi mwaka huohuo. HF 2 ilikuwa likizo yenye malipo kwa anayeugua au anayeuguza, jambo linalowagusa sana Waafrika Mashariki wanaofanya kazi ya kulea wazee. Hiyo ilizunguka kamati nyingi, kwa sababu ina gharama na inagusa waajiri, ikatiwa saini Mei, na malipo yakaanza 1 Januari 2026. Aliyeziona namba hizo Januari 2023 alijua mapema nini kinakuja.

Kuna msemo mwingine kwenye barua hizi ambao ulinichukua muda kuuelewa: muswada “umewekwa kando kwa uwezekano wa kuingizwa”. Nilidhani umekufa. Kumbe maana yake ni kwamba kamati imeusikiliza, haijaupigia kura, na unaweza kupakiwa ndani ya muswada mkubwa unaobeba miswada mingi. Kwa Kiingereza muswada wa namna hiyo huitwa “omnibus”, neno lilelile lililotupa sisi “basi”, na kweli ni basi: abiria wengi, mlango mmoja, wote wanafika au wote wanakwama. Mwaka 2024 msimu ulifungwa kwa muswada mmoja wa zaidi ya kurasa 1,400, ingawa katiba ya jimbo inasema sheria moja ishike jambo moja. Kwa hiyo ukisoma kwamba jambo lako limewekwa kando, ndiyo saa ya kuuliza linapakiwa kwenye muswada gani. Kukata tamaa bado.

Na kipaumbele hakina dhamana. Sheria ya 2023 iliwafungulia wahamiaji wasio na karatasi bima ya afya ya MinnesotaCare, wakaanza kuingia Januari 2025. Kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 vyama viwili vikuu vililingana kwenye baraza la wabunge, 67 kwa 67, na hakuna muswada unaopita kwa wabunge bila kura 68. Msimu uliisha Mei 2025 bajeti haijakamilika, likaitwa bunge la dharura Juni, na moja ya masharti ya makubaliano ilikuwa kuwaondoa watu wazima kwenye bima hiyo ifikapo mwisho wa mwaka. Watoto walibaki. Nawafahamu waliopoteza, na iliniuma.

Uchaguzi huohuo ndio uliomwingiza Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuwakilisha 38A.

Yale mambo ya mtaani yanayotangulia kwenye barua nayo yana siri yake ndogo: si yote yaliyo mikononi mwake. Niliwahi kumwandikia mbunge kuhusu shimo lililonipasulia tairi karibu na nyumbani. Msaidizi wake alijibu siku ya pili, kwa adabu, kwamba mtaa ule ni wa jiji, akaniwekea namba ya kupiga. Barabara ya 252, kwa mfano, ni ya jimbo na hiyo ni haki yake kuisemea. Nyingine ni za kaunti. Tangu hapo huuliza kwanza barabara ni ya nani.

Ukiamua kumjibu, mstari wa kwanza uwe anwani ya nyumbani, kwa sababu msaidizi anatazama hapo kwanza kama wewe ni wa wilaya yao. Wa pili uwe namba ya muswada na unachotaka kifanyike. Kisha tukio moja la maisha yako, kwa mfano zamu uliyoikosa ukimuuguza mtoto na mshahara uliokatwa. Mistari sita inatosha. Na itume kabla ya tarehe za mwisho za kamati, ambazo mara nyingi huangukia Machi na Aprili, maana ukisubiri Mei utakuta basi limeshajaa.