Alama za rejea kwenye mchoro wa umeme: usiziandike kwa mkono

Fundi anayefungua paneli ya mota kwenye kiwanda cha mkonge huku Tanga, mtambo ukiwa umesimama, hana muda wa kupekua kurasa zote akitafuta kontakti (mguso unaofunga au kufungua njia ya umeme) moja ya K2, kontakta yaani swichi inayovutwa na koili. Anahitaji namba ndogo kando ya alama: 3.6, yaani ukurasa wa 3, safu ya 6. Michoro mingi inaharibika hapo, kwa sababu mchoraji kaichapa namba hiyo kama maandishi ya kawaida. Ukichomeka ukurasa mpya katikati, kila rejea ya kurasa zinazofuata ni uongo.

Programu za kazi hii, ikiwemo QElectroTech ambayo ni ya bure, hutofautisha alama kuu na alama tegemezi. Koili (vituo vyake A1–A2) ndiyo kuu, kontakti zake ni tegemezi. Weka koili, ipe jina K2. Nenda ukurasa mwingine, weka kontakti, fungua sifa zake, kisha ichague K2 kwenye orodha. Usiandike “K2” tu ukaridhika. Jina litafanana, ila kiungo hakipo.

Ukishaunga, kontakti inaonyesha koili iko wapi, na chini ya koili panatokea orodha ya kontakti zake. Orodha hiyo isome kabla ya kuagiza vifaa. Kontakta yenye 13-14 (hufunga koili ikishika) na 21-22 (hufunguka koili ikishika) pekee ina kontakti saidizi mbili. Orodha ikionyesha 13-14 mara mbili, umetumia kontakti usiyo nayo: ongeza bloku ya kontakti saidizi, na namba zifuate zilizochapwa kwenye bloku yenyewe.

Kwenye sta-delta, yaani kuwasha mota kwa muungo wa sta kisha kuihamishia delta, kuwa makini zaidi. Kontakti 21-22 ya delta, K2, hukaa kwenye njia ya koili ya sta, K3, na ya K3 kwenye njia ya K2. Ukikosea ukaiunga 21-22 na koili ileile iliyo chini yake, atakayefuata mchoro atajenga kontakta inayojikatia umeme na kugongagonga. Tena kizuizi cha sta na delta kushika pamoja kitakuwa hakipo. Kontakta hizo mbili zikishika kwa pamoja, fezi zinapigana shoti.

Waya unaovuka ukurasa unataka mishale miwili, wa kutoka na wa kuingia, iliyoungwa. Mara nyingi mshale mmoja huungwa na mwenzake mmoja tu. L1 (waya wa fezi ya kwanza) ikienda kurasa tatu, igawe kwa nukta kwanza, kila tawi lipate mshale wake.

Kipimo changu ni rahisi: hifadhi nakala, badilisha nafasi za ukurasa wa 2 na wa 3, kisha tazama. Rejea ya kurasa hizo isiyobadilika imechapwa kwa mkono au imegandishwa isijisasishe.

Ukimaliza marekebisho, chapisha seti nzima. Umegusa ukurasa mmoja, lakini namba za kurasa nyingine huenda zimehama, na seti ya zamani iliyoachwa mlangoni mwa paneli itampotosha fundi wa zamu.